Jinsi ya kuanza na Meshtastic: kuchagua redio, antena na mahali pa kuifunga

Ukiwa na vifaa viwili vidogo, kila kimoja cha kati ya dola 20 na 40, unaweza kumtumia mwenzako aliye kilomita kadhaa ujumbe wa maandishi bila laini ya simu, bila bando na bila mnara wa kampuni yoyote. Simu yako inaongea na kifaa chako kwa Bluetooth, kifaa kinaurusha ujumbe hewani, na kifaa cha mwenzako kinaudaka na kuupeleka kwenye simu yake. Wakiwepo watu wengine katikati, vifaa vyao huupokea ujumbe ule na kuurusha tena, kama mbiu ya mgambo inavyopokewa nyumba hadi nyumba. Huo ndio mtandao wa meshi, na kila kifaa kilichomo ndani yake huitwa nodi.

Mwongozo huu unahusu Meshtastic, mradi huria ulioanzishwa na Kevin Hester mwaka 2020, ambao programu zake zote ni za bure. Upo mradi mwingine unaokua haraka, MeshCore, unaotumia vifaa vilevile, ila nodi za Meshtastic na za MeshCore hazielewani hewani. Kundi lenu liamue moja tangu mwanzo. Kwa anayeanza bila mtu wa kumshika mkono, mimi napendekeza Meshtastic, kwa sababu nodi ya kila mwanachama husaidia kusambaza ujumbe. Kule MeshCore mnahitaji kwanza mtu wa kufunga ripita, yaani kifaa maalumu cha kurudia ujumbe.

Jua pia vifaa hivi havifanyi nini. Redio yake ni ya LoRa, teknolojia iliyobuniwa na kampuni ndogo ya Cycleo ya Grenoble, Ufaransa, ambayo Semtech ya Marekani iliinunua mwaka 2012. LoRa hutuma data kwa mawimbi yanayopanda polepole kutoka masafa ya chini kwenda ya juu, na kipokezi huweza kuyatambua hata yakiwa dhaifu kuliko kelele za hewani. Kwa hiyo kifaa kinachorusha kwa nguvu ya wati 0.15 tu hufika mbali. Lakini unalipia kwa mwendo: kwenye mpangilio wa kawaida unapata kama kilobiti moja kwa sekunde. Usitegemee sauti, picha wala WhatsApp. Ujumbe mmoja unaishia kwenye baiti 200 hivi, na hapo Kiswahili kinatufaa sana, maana kila herufi yetu ni baiti moja, wakati emoji moja inakula nne. Na kwa wanaokwenda baharini: hiki si chombo cha kuombea uokoaji. Redio ya VHF yenye chaneli 16 ibaki chomboni.

Hatua ya 1: Amua masafa kabla ya kununua chochote

Vifaa huuzwa kwa masafa ya 433, 868 au 915 MHz, na nodi za masafa tofauti hazisikilizani kabisa. Maduka ya mtandaoni hukutangulizia 915 kwa sababu ndiyo ya Marekani. Ukiwa Afrika Mashariki, usiyatumie. Huku kwetu simu za GSM 900 hutumia masafa yanayoishia 915 MHz kuongea na minara, na Meshtastic ikiwekwa kwenye mpangilio wa Marekani hurusha kwa kawaida kwenye 906.875 MHz, katikati kabisa ya njia hiyo. Utakuwa unarusha juu ya simu za majirani zako.

Chaguo la busara kwetu ni 868. Kwenye programu, mpangilio wake unaitwa EU_868, na unatumia kipande chembamba kati ya 869.4 na 869.65 MHz. Kanuni ya Ulaya inayofuatwa humo hairuhusu kifaa kurusha zaidi ya asilimia 10 ya muda, yaani dakika 6 katika kila saa, na programu hujizuia yenyewe ikifikia hapo. Msomaji aliye Ulaya atabaki kwenye 868 hiyohiyo; aliye Marekani au Kanada ndiye anunue ya 915.

Bodi nyingi za sasa zimeandikwa 863–928, maana yake zinakubali 868 na 915, na tofauti inabaki kwenye antena na mpangilio wa programu. Toleo la 433 (pengine limeandikwa 433–510) ni kifaa kingine kabisa, huwezi kuligeuza kwa programu. Soma tangazo la muuzaji mpaka chini kabla ya kulipa.

Jambo moja zaidi kabla ya kuagiza. Vifaa vya redio vina mdhibiti: TCRA kwa Tanzania Bara na Zanzibar, Communications Authority kwa Kenya, UCC kwa Uganda, RURA kwa Rwanda. Waandikie barua pepe ukitaja masafa, nguvu na jina la kifaa, uulize kama kinahitaji idhini ya kuingizwa na kutumiwa. Jibu la maandishi litakufaa forodhani, na litakufaa zaidi siku utakapoomba ruhusa ya kufunga nodi juu ya jengo la watu.

Hatua ya 2: Chagua kifaa kwa kuangalia chipu yake

Usianze na sura wala kioo. Ndani ya kifaa kuna chipu mbili za kuangalia. Ya kwanza ni ya redio: tafuta SX1262 au LR1110, achana na SX1276 ya zamani isipokuwa umepewa bure. Ya pili ni ubongo wenyewe, na hapa kuna koo mbili.

ESP32 ni ya bei nafuu na ina Wi-Fi, lakini inakula umeme. Kwa matumizi ya kawaida inavuta kama miliampea 100, kwa hiyo betri ya mAh 3000 inaisha ndani ya siku moja na kidogo. nRF52840 haina Wi-Fi, ina Bluetooth tu, ila inakula kama sehemu ya kumi ya hapo. Betri ileile inaenda wiki nzima na zaidi. Kwa nchi ambako umeme hukatika na kifaa kinatakiwa kiendelee kazi palepale, tofauti hii ndiyo inayopaswa kuamua.

Kwa mtu anayetaka kujifunza kwa gharama ndogo, Heltec WiFi LoRa 32 V3 (ESP32 na SX1262, yenye kioo kidogo cha OLED) hupatikana kwa kama dola 20. Ni bodi tupu, itabidi utafute kasha na betri. Inafaa kukaa nyumbani ikiwa imechomekwa kwenye chaja ya simu.

Kwa mtu anayetembea, napenda SenseCAP T1000-E ya Seeed. Ina ukubwa wa kadi ya benki, ina GPS, antena imo ndani, na imefungwa isiingie vumbi wala maji ya mvua. Unaiweka mfukoni unasahau. Ubaya wake ni hiyohiyo antena ya ndani: huwezi kuibadilisha, na kifaa kikiwa mfukoni mwili wako unaziba mawimbi. Ukiwa ndani ya mtandao wenye nodi nzuri iliyo juu, inatosha kabisa. Mkiwa wawili tu na kila mmoja ana T1000-E mfukoni katikati ya mji wa nyumba za matofali, mtakata tamaa mapema.

Kwa nodi ya kufunga juu ya paa au mlimani kwa sola, RAK WisBlock yenye moduli ya RAK4631 ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Ni nRF52840, inakula kidogo, na kwenye bodi yake kuna tundu la betri na la paneli ya sola. Heltec T114 hufanya kazi hiyohiyo kwa bei ya chini. Ipo pia LILYGO T-Deck yenye kibodi na kioo, inayotumika bila simu, na T-Echo yenye kioo cha wino kinachosomeka juani. Nzuri zote mbili, ila si za kuanzia.

Nunua vifaa viwili kwa mpigo. Nodi moja peke yake haikufundishi kitu, na katika miji yetu mingi huwezi kutegemea kwamba kuna mgeni wa kukujibu. Kama bajeti ni ya vitatu, cha tatu kiwe RAK, kwa sababu ya hatua ya mwisho.

Hatua ya 3: Antena na betri

Kamwe usiwashe kifaa bila antena. Nguvu inayotakiwa kwenda hewani hurudi ndani na inaweza kuua kipaza nguvu cha redio. Unganisha antena kwanza, umeme baadaye. Unapobadilisha antena, zima kabisa kwanza, betri ikiwemo.

Antena inayokuja na bodi ya bei nafuu mara nyingi ni kijiti kifupi tu. Kwa pesa ndogo unapata iliyo bora kuliko hiyo, na hakuna sehemu nyingine ambako pesa ndogo huleta tofauti kubwa hivi. Hakikisha imeandikwa 868. Robo ya wimbi la 868 MHz ni sentimita 8.6, kwa 433 ni kama sentimita 17, kwa hiyo hata kwa rula unaweza kumshtukia muuzaji anayekupa ya 433 kwa jina la 868. Angalia na kiunganishi: SMA na RP-SMA hufanana kwa nje, na tofauti iko kwenye pini ya katikati. Ukikosea, nati itafunga vizuri na redio itakuwa bubu.

Usivutwe na antena zenye dBi kubwa (dBi ni kipimo cha jinsi antena inavyokusanya nguvu upande mmoja). Antena ya namna hiyo hubana mawimbi yawe mkanda mwembamba wa usawa. Ukiifunga mlimani, itawapita juu ya vichwa watu walio bondeni. Kati ya dBi 3 na 6 inatosha. Na waya wa kutoka kifaa hadi antena uwe mfupi kadiri inavyowezekana, kwa sababu waya mwembamba wa mita kumi unaweza kula faida yote. Ni bora kupandisha kifaa kizima juu, kikakaa chini ya antena yake.

Betri nyingi za lithiamu haziji na kifurushi kutokana na masharti ya usafiri wa ndege. Seli za 18650 (milimita 18 kwa 65) zinapatikana kwa mafundi wa laptop na maduka ya tochi, ila ogopa maandishi: seli ya 18650 iliyoandikwa mAh 9900 ni ya uongo. Nzuri nyingi ziko kati ya mAh 2500 na 3500. Kwa betri bapa zenye waya na plagi ndogo, linganisha chanya na hasi na alama zilizo kwenye bodi kabla ya kuchomeka. Watengenezaji hawafuati mpangilio mmoja, na plagi ikiingia kinyume bodi inaungua papo hapo. Ikibidi, toa pini mbili kwenye plagi kwa sindano uzibadilishane nafasi.

Hatua ya 4: Weka programu

Hii ni kazi fupi. Kwenye kompyuta fungua flasher.meshtastic.org kwa Chrome au Edge, chagua jina la kifaa chako na toleo thabiti la karibuni la programu dhibiti, chomeka kwa waya wa USB unaopitisha data (nyaya nyingi za chaja hupitisha umeme tu), kisha fuata maelekezo. Vifaa vya ESP32 huandikwa moja kwa moja kutoka kwenye kivinjari. Vya nRF52840 ukibonyeza kitufe cha kuwasha upya mara mbili haraka hujitokeza kama flashi, nawe unanakili faili la UF2 ndani yake. Wekeni toleo moja kundi zima.

Halafu sakinisha programu ya Meshtastic kwenye simu, ya Android au iPhone, uunganishe kwa Bluetooth. Kifaa chenye kioo huonyesha namba ya siri. Kisicho na kioo hutumia 123456, ambayo uibadilishe siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Mipangilio michache inayobeba kila kitu

Anza na eneo: weka EU_868. Kabla ya hapo kifaa hakirushi chochote, na wengi hudhani kimeharibika.

Mpangilio wa redio uache kwenye LongFast, na idadi ya miruko iache kwenye 3. Inaweza kupanda hadi 7, lakini kila mruko ni kifaa kingine kinachorudia ujumbe uleule, na hewa yetu ni nyembamba. Kile kipande cha 869.4 hadi 869.65 kina upana wa kHz 250, na LongFast inatumia kHz 250. Yaani wote waliopo kwenye EU_868 wanagawana nafasi moja tu, hata wakiwa na chaneli za majina tofauti. Ndiyo maana ni ustaarabu kurefusha muda wa kutuma mahali ulipo na hali ya betri: nodi iliyofungwa ukutani haina haja ya kutangaza kila baada ya dakika chache kwamba bado ipo ukutani.

Jukumu la kifaa liwe CLIENT. Wapo wanaochagua ROUTER wakidhani ni cheo. Meshtastic ina utaratibu mzuri: nodi zikisikia ujumbe, iliyousikia kwa udhaifu, ambayo kwa kawaida ndiyo iliyo mbali zaidi, huurudia mapema, na nyingine zikishasikia marudio hayo hunyamaza. ROUTER huvunja foleni hiyo na kurusha kwanza kila mara. Ikiwa mlimani, inasaidia. Ikiwa sebuleni kwako, inameza miruko ya watu bila kuifikisha popote.

Mwisho, chaneli. Ile ya kwanza inayokuja na kifaa ina ufunguo unaojulikana na ulimwengu mzima, kwa hiyo unachoandika humo ni cha hadharani, pamoja na mahali ulipo. Tengeneza chaneli yenu yenye jina na ufunguo mpya wa biti 256, wape wenzako kwa kuwaonyesha msimbo wa QR ana kwa ana, na usiutupe kwenye kundi la WhatsApp lenye watu usiowajua. Ujumbe wa mtu kwa mtu, tangu toleo 2.5, hufungwa kwa jozi ya funguo za kila kifaa. Hifadhi nakala ya funguo hizo, maana ukifuta kifaa na kuanza upya, wenzako wataonywa kwamba ufunguo wako umebadilika.

Hatua ya 6: Pima kwa miguu

Acha nodi moja dirishani ghorofa ya juu, nyingine ibebe. Tuma ujumbe kila unapofika mahali panapoeleweka: kituo cha daladala, msikiti, njia panda. Alama ya kupokelewa ikirudi, angalia SNR (uwiano wa nguvu ya ujumbe na kelele za hewani) na uandike. Kwenye LongFast ujumbe bado husomeka hata SNR ikishuka hadi karibu −17, kwa hiyo namba hasi isikutishe. Ukiona −15 na −16 mfululizo, uko ukingoni.

Utagundua haraka kwamba kinachoamua ni kama antena mbili zinaonana. Paa la mabati juu yako, ukuta wa zege, shamba la minazi iliyobanana, kila kimoja kinakata. Kupandisha kifaa mita nne juu ya mabati hukupa zaidi ya kifaa cha bei mara tatu.

Baharini hesabu ni safi zaidi. Upeo wa redio kwa kilomita ni takriban 4.1 mara jumla ya vipeuo vya pili vya urefu wa antena mbili kwa mita. Ngalawa mbili zenye antena za mita 2 zitaonana hadi karibu kilomita 12. Weka moja juu ya jengo la pwani lenye mita 20, na ngalawa ileile inasikika hadi kilomita 24. Hakuna kifaa kitakachokuuzia tofauti hiyo.

Hatua ya 7: Nodi ya juu

Chukua mfano wa Lushoto. Mji umelala bondeni, na Mombo iko chini kwenye tambarare, upande wa pili wa ukingo wa Usambara. Nodi ya Lushoto haiwezi kuongea na ya Mombo hata ukiipa antena ya bei gani, kwa sababu kuna mlima katikati. Lakini ukingoni pale Irente, ardhi inaporomoka kama mita 1000 hadi tambarare ya Mazinde. Nodi moja ndogo ya sola ukingoni inaona upeo wa zaidi ya kilomita 100 kuelekea nyikani. Kama yenyewe haiuoni mji, unaongeza nyingine kwenye kilima cha katikati. Mkazi wa Lushoto anatuma, kilima kinapokea, ukingo unapokea, Mombo inasoma. Miruko 3 imetosha na kubaki. Kabla ya kupanda, ingiza sehemu hizo kwenye site.meshtastic.org, ramani yake hutumia miinuko halisi ya ardhi kukadiria utafika wapi.

Nodi yenyewe iwe ya nRF52840, betri isiyopungua mAh 3000, na paneli ya wati 5 au 6 iliyoinamishwa kidogo ili mvua iisafishe. Kasha liwe la plastiki, maana la chuma huziba mawimbi ya Bluetooth na GPS. Matundu ya waya yaangalie chini, na uungio wa antena uzungushiwe utepe wa mpira unaojigandisha. Pwani ongeza boliti za chuma cha pua, kwa sababu chumvi hula za kawaida kabla ya masika kwisha. Usiifunge iwe ndiyo ncha ndefu kuliko vyote kilimani, radi haichagui. Omba ruhusa ya mwenye shamba au mwenye jengo, mwonyeshe kifaa, mweleze kinafanya nini, na umwachie namba yako ya simu kwenye karatasi iliyofungwa ndani ya kasha.

Baada ya kuifunga, iache kwanza kama CLIENT kwa wiki mbili tatu huku ukifuatilia volti za betri kutoka nyumbani, hasa siku za mawingu. Tumia kipengele cha kufuatilia njia ya ujumbe kwenye programu ya simu uone kama ujumbe wa watu kweli unapita pale. Ikiwa nusu ya mtandao wenu inapita hapo, igeuze kuwa ROUTER. Weka pia ufunguo wako wa usimamizi ili uweze kubadilisha mipangilio ukiwa mbali, na ufanye hivyo kabla hujashuka mlimani.